Alama za mkopo: usiulize namba tu, omba na daftari

Jumamosi moja nilikuwa kwenye foleni ya kunyoa pale Sinza, na kwa mara ya kwanza mada haikuwa Simba na Yanga. Kijana wa bodaboda alikuwa anamwonyesha simu yake kila aliyeingia. Ameomba mkopo wa kwenye simu, elfu hamsini tu, akajibiwa kwa ujumbe mfupi kwamba hajakidhi vigezo. "Vigezo gani?" anauliza. Kinyozi, bila hata kuzima mashine, akamjibu: "Wewe umewekwa CRB," yaani kwenye taarifa za wakopaji ambazo wakopeshaji husoma. Mzee aliyekuwa kwenye kiti akadakia kuwa CRB ni ya Benki Kuu, ukishaingia hutoki. Mwingine akasema hilo halina shida, dawa yake ni kubadilisha laini. Wa nne, aliyevaa kitambulisho cha kazi shingoni, akatoa onyo: usithubutu kuuliza alama zako za mkopo, maana kila ukiuliza zinashuka.

Watu wanne, maelezo manne, na hakuna yaliyokuwa sahihi kabisa. Sikubisha, maana zamu yangu ilikuwa imefika na si busara kumpinga mtu ambaye dakika mbili baadaye atakushika shingo na wembe mkononi. Nilichokimeza pale ndicho hiki.

Tuanze kwa Mangi, muuza duka wa mtaani. Kila mtaa wa Dar una duka la Mangi, hata kama mwenye duka katoka Singida. Chini ya meza kuna kaunta buku lililochakaa pembe, na ndani yake kuna mtaa mzima: Mama Asha, unga kilo mbili, mafuta robo, halafu mstari wa kalamu nyekundu umepita juu, maana yake kalipa. Mangi hahitaji kompyuta kujua nani apewe na nani aambiwe "leo mchele umeisha" huku gunia linaonekana. Anaangalia mambo machache tu. Unachukua kiasi gani, unalipa siku uliyosema au hadi ufuatwe, na je, ukidaiwa unapita mbele ya duka au unazunguka njia ya uani?

Sasa Mama Asha akihama Manzese akaenda Chanika, Mangi wa Chanika hamjui. Uaminifu wake wa miaka kumi umebaki kwenye kaunta buku la Manzese. Na mwenzake aliyekimbia deni Manzese anaanza upya Chanika akiwa msafi kama malaika. Mfumo wa taarifa za wakopaji ulianzishwa kwa ajili ya shida hiyo, kukusanya kurasa zenye jina lako kutoka kwenye madaftari ya wakopeshaji mbalimbali ili anayetaka kukukopesha leo asome ulivyoishi na wengine jana.

Wala mfano wa kaunta buku si wa kubuni sana. Mwaka 1841, baada ya biashara Marekani kuanguka vibaya miaka minne nyuma, mfanyabiashara wa New York aitwaye Lewis Tappan alifungua ofisi ya kukusanya habari za wafanyabiashara wa mikoani: nani analipa, nani mlevi, nani duka lake linayumba. Habari hizo zilikuwa zinaandikwa kwa mkono kwenye madaftari makubwa. Abraham Lincoln, akiwa bado wakili, alikuwa mmoja wa waliokuwa wakizituma. Ofisi ile ndiyo mzazi wa Dun & Bradstreet, jina ambalo leo lina tawi lake hapa hapa Dar es Salaam.

Hapa kwetu kanuni za kuendesha shughuli hii zilitoka 2012, chini ya Benki Kuu ya Tanzania. Zinahusu vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Cha kwanza ni kanzidata ya taarifa za wakopaji, ambayo iko Benki Kuu na benki zinalazimika kupeleka huko taarifa za mikopo zinayotoa. Cha pili ni kampuni za taarifa za wakopaji, na hizo ndizo CRB, kifupi cha Kiingereza cha credit reference bureau. Ni kampuni binafsi zenye leseni ya Benki Kuu. Mbili za kwanza kupata leseni ni Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania na Creditinfo Tanzania, hii ya pili ikiwa na asili ya Iceland. Kazi yao ni kuchukua taarifa, kuzipanga na kumuuzia mkopeshaji ripoti. Kwa hiyo yule mzee wa kwenye kiti alikuwa nusu sahihi. Benki Kuu imo kama msimamizi na mtunza kanzidata, lakini si yenyewe iliyomnyima kijana elfu hamsini.

Wala CRB haikumnyima. CRB hainyimi mtu mkopo, kama daftari lisivyoweza kukunyima unga. Anayenyima ni Mangi, baada ya kusoma.

Halafu kuna ripoti na kuna alama, na kwa maoni yangu hapo ndipo mtaani tunapotezana zaidi. Ripoti ni kurasa zenyewe: ulikopa wapi, lini, kiasi gani, umebakiza ngapi, ulichelewa siku ngapi. Alama ni namba moja iliyokamuliwa kutoka kwenye kurasa hizo kwa hesabu, ili afisa mikopo mwenye mafaili mia mezani asisome yote. Ni kama mwalimu anayekutangazia 48 mbele ya darasa. Ukirudishiwa karatasi iliyosahihishwa unaona ulikosea swali la tatu, au unagundua mwalimu kajumlisha vibaya. Usiporudishiwa, unabaki na 48 yako na aibu yako, na hujui pa kuanzia.

Kwa muda mrefu dunia ilikuwa hivyo, tena hata hiyo 48 hukutangaziwa. Mwaka 1989 kampuni ya Marekani iitwayo Fair Isaac ilitoa alama maarufu kuliko zote, FICO, inayoanzia 300 hadi 850. Benki zikaipenda. Mkopaji mwenyewe hakuruhusiwa kuiona. Hoja ikawa kwamba mtu wa kawaida ataisoma vibaya na kuchanganyikiwa. Mwanzoni mwa 2000 kampuni moja ya mikopo ya mtandaoni, E-Loan, ikaanza kuwaonyesha wateja alama zao bure. Haikupita muda ikakatiwa data. Watu wakapiga kelele, jimbo la California likapitisha sheria mwaka huo huo ya kumpa mkopaji wa nyumba haki ya kuiona alama yake, na 2001 Fair Isaac wenyewe, wakishirikiana na Equifax, kampuni ya taarifa za wakopaji, wakaanza kuwauzia watu ile namba waliyokuwa wanaificha. Mwaka 2003 ikaja sheria ya taifa zima: kila mtu apate ripoti yake bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila moja ya kampuni tatu kubwa za taarifa za wakopaji.

Angalia sheria ile ya 2003 ilichowapa watu bure. Ni ripoti, si alama. Nadhani waliotunga walijua wanachofanya. Namba inakufurahisha au inakuumiza, lakini kinachoweza kusahihishwa ni ripoti.

Namba yenyewe inatengenezwaje? Kila kampuni ina mizani yake na hesabu kamili ni siri ya biashara, ila FICO walishatangaza uzito wa viungo vyao. Asilimia 35 ni historia ya kulipa, na 30 ni kiasi unachodaiwa, hasa ukilinganisha na kiwango ulichoruhusiwa kukopa. Urefu wa historia yako una 15, na kumi kumi zilizobaki ni mikopo mipya unayoomba na aina za mikopo uliyonayo. Usibebe asilimia hizo ukaziweka Kariakoo kama zilivyo, lakini ukitazama mpangilio utaona ni Mangi yule yule. Kulipa kwa wakati kunazidi vyote. Anayefuata ni mtu anayekopa hadi mwisho wa kiwango kila mwezi. Hata kama analipa, Mangi anamtazama kwa jicho la pembeni. Na anayepita maduka matano asubuhi moja akiomba unga, kila duka litajiuliza kuna nini nyumbani kwake.

Kuna kitu hakimo kwenye orodha hiyo: mshahara. Utajiri haumo. Mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye maghorofa mawili anaweza kuwa na alama mbaya kuliko mwalimu wa shule ya msingi Mbagala, kwa sababu mwalimu marejesho yake yanakatwa kwenye mshahara kila mwezi bila kukosa, na tajiri hulipa akikumbuka. Mkopeshaji atauliza kipato chako, ndiyo, lakini atakiuliza pembeni, kwa karatasi nyingine.

Sasa nirudi kwa kijana wa bodaboda, maana kesi yake ina fundo jingine. Mkopo wa kwenye simu mara nyingi hupimwa kwa alama za ndani za mtoa huduma mwenyewe: umeitumia laini muda gani, unaweka na kutoa pesa mara ngapi, vocha unanunua kiasi gani, mkopo wa mwisho ulirudisha lini. Ndiyo maana huyu anapewa kiwango cha elfu tano na jirani yake laki tatu kwenye mtandao mmoja. Namba hiyo ya ndani si ile ya CRB. Mtu mmoja anaweza kuwa na alama tatu au nne kwa wakati mmoja, kila moja kwenye mizani yake. Kenya, kwa mfano, CRB iitwayo Metropol inatumia 200 hadi 900. Ukisikia mtu anajisifu ana 640, swali la kwanza ni "kwenye mizani ya nani?" Kwa hiyo kijana kukataliwa na mtandao wa simu hakuthibitishi kuwa ana doa CRB. Huenda laini yake ina miezi miwili tu.

Na hapo ndipo ushauri wa kubadilisha laini unapogeuka kichekesho. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ule uliotupanga foleni hadi Januari 2020, laini inafuata namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ukiitupa, deni halitupwi nayo. Unachotupa ni historia yako nzuri kwenye ile laini, ambayo pengine ndiyo iliyokuwa inakubeba.

Kuhusu kwamba ukiuliza alama zako mwenyewe zinashuka: wanaosema hivyo wamesikia jambo la kweli likapindwa njiani. Mkopeshaji anapoifungua ripoti yako kwa sababu umeomba mkopo, ombi hilo huandikwa, na maombi mengi ya karibu karibu yanaweza kuonekana vibaya. Mwenye taarifa akijitazama mwenyewe, hiyo haihesabiwi kama kuomba mkopo. Mangi hawezi kukukasirikia kwa kumuuliza "nadaiwa ngapi vile?"

Imani inayonisumbua zaidi ni ile ya kwamba CRB ni orodha ya wadaiwa sugu. Mfumo wetu unabeba mazuri na mabaya. Aliyekopa milioni mbili akamaliza bila kuchelewa yumo, na kuwemo kwake ni mali. Asiyewahi kukopa popote, ambaye hujivuna kwamba yeye hana doa, akifika benki anakuta ukurasa mweupe. Afisa mikopo hana cha kusoma, anarudi kwenye mambo yale yale ya zamani: hati ya nyumba, mdhamini, barua ya mwajiri.

Hapo nina manung'uniko yangu. Kuna mama anauza samaki Feri ambaye hajawahi kukosa zamu ya kijumbe, yule anayekusanya michango ya kupokezana, mvua inyeshe jua liwake. Elfu kumi kila siku, miaka nenda rudi. Kama kuna mtu mwenye nidhamu ya deni katika jiji hili ni yeye. Lakini kijumbe hana leseni wala kompyuta, kwa hiyo kwenye kanzidata yule mama hayupo, na mtoto wake aliyekopa simu ya kulipia kidogo kidogo yupo. Vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha vimewekwa kwenye sheria tangu 2018, kama daraja la nne la watoa huduma hizo, ila kutoka kusajiliwa kikundi hadi mchango wa mama mmoja mmoja kusomwa na benki bado pana safari.

Mchanganyiko mwingine umeletwa na mikopo ya mtandaoni ya kausha damu, ile yenye riba za kuumiza. Mtu anachelewa siku tatu, picha yake inatumwa kwenye makundi ya WhatsApp, shemeji yake Tanga anapigiwa simu, na anaambiwa "umeshaingizwa CRB." Kumwaibisha mtu kwa ndugu zake hakuna uhusiano wowote na mfumo huu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni na kuzipiga marufuku. Mkopeshaji asiye na leseni anayekutishia CRB anakutishia kwa panga la jirani.

Ndugu yake wa damu ni yule anayetangaza mtandaoni kwamba "anasafisha CRB" kwa laki moja. Rekodi ya kweli haifutwi kwa hongo ya M-Pesa. Ukilipa deni, rekodi hubadilika ikaonyesha umelipa, lakini historia ya kuchelewa hubaki kwa muda. Kenya ni miaka mitano, Marekani kwa kawaida ni saba. Rekodi ya uongo inasahihishwa, na huhitaji msafishaji kwa hilo. Unahitaji kuiona kwanza.

Kuiona ni haki. Ukiacha kanuni za Benki Kuu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zilizoko mikononi mwa mtu na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Kwa vitendo, unakwenda kwenye kampuni ya taarifa za wakopaji na kitambulisho chako cha NIDA, au unaanza na benki yako inayokuhudumia, unaomba ripoti yako kamili. Sema neno "ripoti." Ukisema "alama" unaweza kupewa alama.

Mimi nilikwenda. Nilitegemea karatasi moja, nikapewa kadhaa. Juu kulikuwa na jina langu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, anwani mbili ambazo nimehama zote. Chini yake jedwali: kila mkopo na mstari wake, tarehe ya kufunguliwa, kiasi cha awali, salio, siku za kuchelewa, hali. Pembeni ya kila mstari kuna visanduku vidogo vya miezi, sifuri sifuri sifuri, kama kete za bao zilizoliwa. Sifuri ni nzuri, maana yake mwezi huo hukuchelewa. Nikawa nazipitia kwa kidole, nimefurahi, hadi mstari wa nne.

Mkopo wa shilingi 1,200,000 niliochukua kununua friji na kumalizia ada. Niliumaliza, na barua ya kumaliza deni ninayo kwenye bahasha kabatini. Pale kwenye ripoti uliandikwa "unaendelea," salio shilingi 3,850, umechelewa siku 741.

Nilikwenda kwa mkopeshaji. Dada wa mapokezi akanipeleka kwa afisa mikopo, afisa akafungua mfumo, akavuta pumzi. "Kaka, hii ni riba ya siku mbili za mwisho. Mfumo uliikata baada ya wewe kupewa barua." Nikamuuliza kwa nini sikupigiwa simu. Akasema namba waliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani. Ni pesa ya soda chache tu, na kwa miaka miwili mtu yeyote aliyefungua faili langu alisoma kuwa nakimbia deni. Alama yangu, kwa taarifa yako, ilikuwa ya wastani tu, namba ambayo ningeikubali nikaenda zangu nikidhani ndivyo nilivyo.

Kinachofuata ni kazi ya makaratasi. Malalamiko unayaandika, huyasemi mdomoni, unabakiza nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na unaambatisha ushahidi. Unampa mkopeshaji aliyetuma taarifa, maana yeye ndiye mwenye daftari la asili, na nakala unaipeleka kampuni iliyokupa ripoti. Wakikuzungusha, Benki Kuu inapokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Kanuni za kumlinda mtumiaji zipo tangu 2019.

Yangu ilichukua wiki kadhaa. Nimepata ripoti mpya juzi. Mstari wa nne sasa umeandikwa "umefungwa," salio sifuri. Lakini tarehe ya kufungwa wameweka ya mwezi uliopita, na zile siku 741 bado zipo, kwa hiyo anayesoma ataona mtu aliyekimbia miaka miwili halafu akalipa. Kesho asubuhi narudi na bahasha ile ile.